Park51 na kelele za "msikiti wa Ground Zero": maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kila Septemba ikikaribia, maswali kuhusu Park51, kituo cha Waislamu kilichopangwa kujengwa New York karibu na Ground Zero (mahali ilipoanguka minara pacha ya World Trade Center iliposhambuliwa kwa ndege tarehe 11 Septemba 2001), hurudi barazani, kwenye makundi ya simu, hata nje ya msikiti baada ya swala. Wengine huuliza kwa nia ya kujua, wengine wameshasikia kipande cha hadithi na wanataka kikamilishwe. Nimekusanya yanayorudiwa zaidi. Jibu likiwa limeshatolewa mahali pengine, nimetaja namba ya swali husika.

## Mambo ya msingi

1. Park51 ilikuwa nini hasa?

Ulikuwa mpango wa kujenga kituo cha utamaduni cha Waislamu katika mtaa wa Park Place, namba 45 hadi 51, kusini mwa Manhattan, jijini New York. Jengo lilikusudiwa kuwa la ghorofa 13 au zaidi kidogo, kwa gharama iliyokadiriwa kufika dola milioni 100. Ndani yake kungekuwa na ukumbi wa viti 500, bwawa la kuogelea, uwanja wa mpira wa kikapu, mahali pa kulelea watoto, duka la vitabu, shule ya mapishi, kumbukumbu ya waliouawa Septemba 11, 2001, na ukumbi wa swala.

Wenyewe walisema mfano wao ni vituo vya Wakristo na Wayahudi vilivyozoeleka New York, ambako mtu wa dini yoyote huingia kuogelea au kusikiliza mhadhara.

2. Kwa hiyo ulikuwa msikiti, au haukuwa msikiti?

Swala ingeswaliwa humo, na hilo halikufichwa. Ila mahali pa swala palikuwa sehemu tu ya jengo. Anayesema "ulikuwa msikiti" ameacha nusu ya ukweli. Anayesema "swala haikuwemo kabisa" naye amekosea, na sisi tunaowatetea Waislamu wa New York tusimfuate huyo kwa sababu tu maneno yake yanatupendeza.

3. Ulikuwa ndani ya Ground Zero?

Hapana. Kiwanja kilikuwa mitaa miwili kaskazini ya eneo ilipokuwa World Trade Center, takriban mita 180 kutoka ukingo wake. Ukisimama palipokuwa na minara pacha huoni Park Place, maana majengo marefu yamejaa katikati. Kati ya mambo yote ya mgogoro huu, jina ndilo lililofanya kazi kubwa kuliko yote: mtu wa Texas au wa Tanga akisikia "msikiti wa Ground Zero" anaona kuba na mnara juu ya makaburi. Picha hiyo ikishakaa kichwani, maelezo ya mita na mitaa hayaiondoi.

4. Kabla ya hapo jengo lilikuwa la nini?

Namba 45 ni jengo la miaka ya 1850. Mwaka 2001 lilikuwa duka la nguo la Burlington Coat Factory. Asubuhi ya Septemba 11 ndege ya pili ilipogonga mnara wa kusini, kipande cha mguu wa magurudumu yake kiliruka na kutoboa paa la duka hili. Duka lilifungwa, likakaa karibu tupu kwa miaka minane, hakuna aliyelitaka. Mwaka 2009 lilinunuliwa kwa takriban dola milioni 4.85.

Kuna jambo jingine ambalo wengi hawalijui. Aprili 2013 wapimaji walioitwa na mwenye kiwanja walikuta kipande cha bawa la ndege kimebanwa nyuma ya namba 51, kwenye mwanya kati yake na jengo la jirani, mwanya mwembamba kiasi kwamba mtu hupita ubavu ubavu. Kilikuwa kimekaa hapo zaidi ya miaka 11, katikati ya takataka, huku walimwengu wakigombana mlangoni. Ninalisema hili kwa sababu waliodai kwamba pale ni mbali na msiba nao hawakuwa sahihi. Msiba ulifika mpaka ndani ya kuta zile.

5. Waliotaka kujenga walikuwa nani?

Mnunuzi wa kiwanja alikuwa Sharif El-Gamal, mfanyabiashara wa majengo wa New York. Uso wa mradi ulikuwa Imamu Feisal Abdul Rauf, aliyezaliwa Kuwait kwa wazazi wa Kimisri, mtu wa tariqa, aliyeswalisha kwa miaka mingi katika Masjid al-Farah, mtaa wa West Broadway, si mbali na hapo. Mkewe, Daisy Khan, alikuwa mshirika wake katika kazi ya kukutanisha dini.

Imamu Feisal alishawahi kuwafundisha maofisa wa FBI, idara ya upelelezi ya Marekani, kuhusu Uislamu. Mwezi uleule wa shambulio aliiambia televisheni ya CBS kwamba Marekani haikustahili kilichotokea, ila sera zake zilichangia. Wapinzani walilishika hilo la pili na kuliacha la kwanza.

6. Kwa nini mradi uliitwa Cordoba mwanzoni?

Kwa kukumbuka mji wa Cordoba wa Andalusia, ambako Waislamu, Wakristo na Wayahudi waliishi pamoja na elimu ikastawi. Wapinzani wakaligeuza: wakasema Cordoba ni alama ya ushindi, na kwamba Waislamu hujenga msikiti mahali waliposhinda. Jina likabadilishwa kuwa Park51, la anwani tu. Kwa maoni yangu ilikuwa hasara. Jina zuri lilitupwa kwa sababu ya tafsiri ya watu wasiolipenda, na kelele hazikupungua hata chembe.

## Kelele zilivyoanza

7. Mradi ulifichwa mpaka ukagunduliwa?

La. Desemba 2009 gazeti la *New York Times* liliandika habari yake kwa kirefu. Wakati huo Waislamu walikuwa tayari wanaswali Ijumaa ndani ya duka lile la zamani, mahali palipokuwa pakitundikwa makoti. Mwezi huohuo Daisy Khan alihojiwa kwenye kituo cha televisheni cha Fox, na mtangazaji aliyekuwa zamu, ambaye ni mhafidhina anayejulikana, akamwambia anaipenda kazi yao. Kisha kimya cha miezi kadhaa.

Moto ulianza Mei 2010. Mwanablogu Pamela Geller na kundi lake la Stop Islamization of America waliushika mradi, magazeti ya udaku yakafuata. Tarehe 25 Mei baraza la wakazi wa eneo lilipiga kura ya ushauri: 29 waliunga mkono, mmoja alipinga, 10 hawakupiga upande wowote. Majirani wa Ground Zero wenyewe, waliovuta vumbi la minara ilipoanguka, wengi waliona sawa. Lakini mwaka 2010 ulikuwa mwaka wa uchaguzi wa Bunge, na neno "msikiti wa Ground Zero" lilikuwa limeshapanda jukwaani.

8. Wanasiasa walisemaje?

Sarah Palin na Newt Gingrich, wanasiasa wa chama cha Republican, walipinga kwa nguvu. Mgombea mmoja wa ugavana wa New York, Carl Paladino, aliahidi serikali itakitwaa kiwanja. Gavana aliyekuwapo, David Paterson, alijitolea kusaidia kutafuta ardhi mahali pengine. Donald Trump, wakati huo bado mfanyabiashara, alitaka kununua hisa ya mwekezaji mmoja kwa asilimia 25 juu ya alichotoa, akakataliwa.

Rais Obama alizungumza tarehe 13 Agosti kwenye futari ya Ikulu. Alisema Waislamu wana haki ileile ya kuabudu kama raia wengine, ikiwemo kujenga mahali pa ibada kwenye kiwanja binafsi kusini mwa Manhattan. Kesho yake, akiwa Florida, akasema hakuwa akizungumzia kama ni busara kujenga pale. Waislamu wengi waliumizwa na hiyo kesho yake kuliko na matusi ya wapinzani.

Aliyesimama bila kuyumba ni meya, Michael Bloomberg. Tarehe 3 Agosti alikwenda kisiwa cha Governors, Sanamu ya Uhuru ikiwa nyuma yake na viongozi wa dini wamemzunguka. Alikumbusha kwamba hata Wakatoliki na Wayahudi waliwahi kuzuiwa kuabudu hadharani katika mji huohuo. Alikumbusha pia kwamba wazima moto walipopanda ngazi za minara, hakuna aliyeulizwa anamwomba Mungu gani. Sauti ilimkwama alipofika hapo.

9. Familia za waliouawa zilipinga zote?

Hapana, na hili lirudiwe mara nyingi. Jijini New York waliuawa watu 2,753. Huwezi kutarajia wafiwa wao wawe na kauli moja. Wako waliosema kila wakipita pale watajiona wametonewa kidonda. Kundi la September 11th Families for Peaceful Tomorrows, la wafiwa vilevile, liliunga mkono kituo waziwazi.

Mama aliyempoteza mwanawe na hajapata hata mfupa wa kuzika, akisema "nipeni nafasi", mimi siwezi kumwita mwenye chuki. Kosa la wenye mradi liko hapa: wengi wa wafiwa walisikia habari kutoka kwa watu wenye ajenda, si kutoka kwa wenye kiwanja. Kwetu, ukitaka kufanya shughuli jirani na nyumba yenye matanga, unakwenda kwanza kukaa nao mkekani. Mwaka 2011 El-Gamal mwenyewe alikiri hadharani kwamba kosa lao kubwa lilikuwa kutowashirikisha wafiwa tangu mwanzo.

10. Kuna walioumizwa kwa sababu ya kelele hizi?

Ndiyo. Agosti 2010 dereva wa teksi wa New York, mhamiaji kutoka Bangladesh, alichomwa kisu na abiria aliyemuuliza kwanza kama ni Mwislamu. Siku chache baadaye vifaa vya ujenzi vilichomwa moto katika kiwanja cha msikiti huko Murfreesboro, Tennessee, zaidi ya kilomita 1,000 kutoka Ground Zero. Hoja ya wapinzani, kwamba Waislamu wajenge mbali na Ground Zero kwa heshima, ilikuwa imekwisha maana: huko hakukuwa na mnara uliowahi kuanguka. Msikiti ule ulifunguliwa Agosti 2012 baada ya kesi ndefu. Florida nako mchungaji alitangaza kuchoma misahafu tarehe 11 Septemba. Aliacha dakika za mwisho, akidai ameahidiwa kwamba Park51 itahamishwa. Imamu Feisal alikanusha.

Tukio ambalo mimi sijalisahau ni dogo kuliko hayo. Tarehe 22 Agosti, kwenye maandamano ya wapinzani, fundi seremala mweusi alipita katikati ya umati. Alikuwa amevaa kofia nyeupe iliyobana kichwa. Umati ukamzingira, ukaanza kumzomea kwamba arudi zake. Video inamwonyesha akigeuka huku na huku, akisema hawajui hata msimamo wake, na kwamba yeye si Mwislamu. Ajira yake ilikuwa kulijenga upya eneo lilelile la Ground Zero. Kofia tu, ndugu msomaji.

## Sheria

11. Serikali ingeweza kuzuia?

Kisheria, karibu haiwezekani. Kiwanja kilikuwa mali binafsi, na ramani ya mipango miji iliruhusu ujenzi wa aina hiyo. Katiba ya Marekani inakataza serikali kuingilia uhuru wa dini, na sheria ya mwaka 2000 kuhusu matumizi ya ardhi kwa ibada inazizuia mamlaka za miji kutumia vibali kuwabana waumini.

Njia pekee iliyobaki ilikuwa kulifanya jengo la zamani kuwa urithi wa kihistoria ili lisibomolewe. Tume ya jiji ya kuhifadhi majengo ya kale ilipiga kura tarehe 3 Agosti 2010: wote 9 walikataa. Mzima moto mmoja aliyenusurika siku ile alifungua kesi kupinga uamuzi huo. Ilitupwa mwaka 2011.

12. Kura za maoni zilionyesha wengi wanapinga. Wengi si ndio wenye mji?

Kura ya CNN ya Agosti 2010 ilionyesha asilimia 68 ya Wamarekani wanapinga. Lakini uhuru wa ibada uliandikwa kwenye katiba kwa ajili ya siku kama hiyo, siku ambayo wengi hawakutaki. Mkesha wa Krismasi mwaka 1806 umati wa wapinzani wa Wakatoliki ulilizingira kanisa la Mtakatifu Petro, parokia ya kwanza ya Kikatoliki New York, mtaa mmoja tu kutoka Park Place. Nao walikuwa wengi. Mwaka 2001 mwili wa Padri Mychal Judge, kasisi wa wazima moto, ulilazwa mbele ya altare ya kanisa hilohilo.

## Maswali magumu

13. Haki walikuwa nayo, sawa. Kwa nini wasihame tu, kwa heshima?

Hili ndilo swali linaloulizwa na watu wema, kwa hiyo linastahili jibu la kweli. Imamu Feisal alisema Septemba 2010 kwamba laiti angejua maumivu yatakayotokea, asingeanza. Ila alisema pia kwamba kuhama wakati huo kungewapa wenye siasa kali silaha.

Mimi naliona hivi. Kumwomba mtu ahame ni kumwambia anahusika. Aliyeua ni al-Qaeda. Waislamu wa Park Place hawakumtuma mtu. Ukikubali kwamba kuonekana kwao ni jeraha, umekubali kwamba wao na wauaji ni jamaa moja, na hapo mita 180 au kilomita 1,000 havina tofauti, kama Murfreesboro ilivyoonyesha (swali la 10). Heshima iliyotakiwa ni ile ya kwenda kwa wafiwa mapema, si ya kujiondoa.

14. Watawa wa Auschwitz waliambiwa wahame wakahama. Kuna tofauti gani?

Mwaka 1984 watawa Wakarmeli walianzisha makao yao katika jengo lililopakana na kambi ya Auschwitz, Poland, ambako Wanazi waliwaua Wayahudi. Wayahudi walipinga, na mwaka 1993 Papa Yohane Paulo wa Pili akawaelekeza wahamie kwingine. Mfano huu ulitumika sana, na si wa kupuuzwa.

Lakini jengo la watawa lilikuwa ghala la kambi yenyewe, lilikotunzwa gesi ya kuulia watu. Park Place lilikuwa duka la makoti katikati ya mji unaoishi, wenye migahawa, baa, mahali pa kubeti, hata klabu ya wanaocheza uchi mtaa wa jirani. Shirika la Kiyahudi la Anti-Defamation League lilipinga mahali pa kituo mwaka 2010. Septemba 2021 mkuu wake, Jonathan Greenblatt, aliandika kwamba walikosea, akaomba radhi. Miaka 11 ni mingi, lakini wangapi wengine wameomba?

15. Waislamu wana uhusiano gani na eneo lile?

Wa tangu zamani. Masjid Manhattan ilikuwa mitaa michache kutoka minara tangu 1970. Ndani ya mnara wa kusini wenyewe, ghorofa ya 17, kulikuwa na chumba cha swala walichotumia mafundi, wapishi na watu wa benki.

Na Waislamu waliuawa pia, makadirio ni kama 60. Mmoja ni Salman Hamdani, kijana wa miaka 23 wa Queens, mwanafunzi wa upolisi na mtoa huduma wa gari la wagonjwa. Asubuhi ile hakuwa na kazi kwenye minara. Inaaminika aliona moshi akakimbilia kusaidia. Kwa kuwa hakuonekana, uvumi ukaenea kwamba huenda ni mshirika wa magaidi. Masalia yake yalipatikana kwenye kifusi, na mazishi yake Aprili 2002 yalikuwa ya heshima za polisi. Anayeuliza Waislamu wanatafuta nini pale aanze na jina hilo.

16. Kanisa la Wagiriki lilizuiwa huku msikiti ukiruhusiwa. Kweli?

Kanisa la Mtakatifu Nikolao lilifukiwa na mnara wa kusini ulipoanguka. Kulijenga upya kulichelewa kwa sababu ya mvutano na mamlaka inayomiliki ardhi kuhusu ukubwa, mahali na fedha. Haikuwa kwa sababu ya dini, na Park51 haikuwa kwenye ardhi hiyo. Kanisa jipya liliwekwa wakfu Julai 2022.

17. Fedha zilitoka wapi? Uarabuni?

Ukweli ni kwamba fedha za ujenzi hazikuwahi kukusanywa. Kiwanja kilinunuliwa na wawekezaji. Zile dola milioni 100 zilibaki kwenye karatasi. Novemba 2010 wenye mradi waliomba dola milioni 5 kutoka mfuko wa serikali wa kufufua kusini mwa Manhattan, jambo lililowaudhi hata baadhi ya waliowatetea.

18. Sisi wa Afrika Mashariki inatuhusu nini?

Kundi lililoangusha minara lilishatuua sisi kwanza. Tarehe 7 Agosti 1998 mabomu ya balozi za Marekani Nairobi na Dar es Salaam yaliua watu 224, Wamarekani wakiwa 12. Msimu uleule wa kelele za Park51, vuli ya 2010, Mtanzania mzaliwa wa Zanzibar, Ahmed Ghailani, alikuwa kizimbani kwa mashambulio hayo katika mahakama ya Manhattan, mwendo mfupi kwa miguu kutoka Park Place. Tarehe 17 Novemba alipatikana na hatia ya kosa moja, akafutiwa zaidi ya 280. Baadaye akahukumiwa kifungo cha maisha.

Msikiti wa Jamia wa Nairobi uko kama kilomita moja kutoka bustani ya kumbukumbu ya Agosti 7, mahali ulipokuwa ubalozi. Ulikuwapo kabla ya bomu, na adhana yake ilisikika siku iliyofuata.

## Yaliyofuata

19. Kwa nini kituo hakikujengwa?

Fedha na mgawanyiko. Mapema 2011 El-Gamal na Imamu Feisal walitengana kikazi. Septemba mwaka huo sehemu ndogo ya jengo la zamani ilifunguliwa kwa maonyesho ya picha za watoto wa New York wenye asili ya mataifa mbalimbali, zilizopigwa na mpiga picha Myahudi. Wakati wa kelele umati ulijaza barabara. Kwenye picha za watoto ulikuwa utulivu.

Mwaka 2014 mpango ukawa jumba la makumbusho la ghorofa tatu, likichorwa na msanifu majengo Mfaransa, Jean Nouvel. Mwaka 2015 likatangazwa jengo refu la makazi ya kifahari, na makumbusho pembeni.

20. Kwa hiyo mwisho wake kuna nini pale?

Duka la makoti limebomolewa. Kwenye namba 45 umesimama mnara wa ghorofa zaidi ya 40 wa nyumba za matajiri. Ulipopanda juu ya Park Place, hakuna aliyeandamana.